Simu Iliyouona Mwezi kwa Niaba Yangu

Jua huzama Isiolo kabla ya kuzama Juba. Mke wangu yuko kule na mimi niko huku, kwa hiyo kila mwezi unapoandama yeye ndiye hutangulia kuuona. Hutoka uani, husimama mahali ambapo nyumba ya jirani haimzibi, na akishauona hunipigia simu. Mara nyingi hunikuta bado natawadha. "Maalim," huniambia, kwani ndivyo anavyoniita tangu mwaka tuliooana, "nimeuona. Unakuja huko." Nami hutoka nje nikasubiri, kama mtu anayesubiri mgeni aliyepitia kwanza kwa mkewe, akakaribishwa, akapewa chai. Zamani, ulipokuwa ukinifikia, nilimpigia nikamwambia neno moja: "Nimeuona." Hatukuongeza mengi. Tukishasema hivyo, nilihisi kwamba siku hiyo tumekaa nyumba moja.

Nilikuja Juba kwa mwaka mmoja. Mwanangu alikuwa amefungua duka la jumla upande wa Gumbo, ng'ambo ya daraja, akaniambia kwamba watoto wa wafanyabiashara wenzetu wanakua bila mwalimu wa dini. Nikaja kuwasomesha. Mwaka ule umekuwa saba. Kila darasa linapokaribia kuhitimu, jingine dogo limekwisha kuanza alifu, na moyo wangu haukubali kumwacha mtoto njiani kati ya alifu na be. Mke wangu hawezi safari ya barabara. Magoti yake hayamruhusu hata kupanda ngazi za basi. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda, mara moja kwa mwaka. Kisha ikapita miaka miwili sikwenda.

Katika miaka hiyo miwili macho yangu yalianza kuniaga. Daktari alinieleza kwa upole kwamba ni presha ya macho, kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, na matone aliyonipa ni ya kulinda kilichobaki. Nilimshukuru Mungu kwa kilichobaki. Nasoma maandishi makubwa. Namtambua mtu akiwa karibu. Naiona njia ya msikitini kukiwa na mwanga. Lakini mwezi mchanga ni uzi mweupe juu ya kitambaa kilicho karibu kuwa cheupe, na uzi huo macho yangu hayaushiki tena.

Mwezi wa kwanza niliposhindwa kuuona, mke wangu aliniuliza, "Umeuona?" Nikamjibu, "Leo sikujaliwa." Akasema, "Inshallah ujao." Mwezi uliofuata aliuliza tena, na uliofuata tena. Kisha akaacha kuuliza. Akawa ananipa habari tu kwamba umeandama, kama anavyompa habari mtu mwingine yeyote, na kuniaga. Alifanya hivyo kwa huruma, najua. Lakini sikuwa nimejua jinsi swali dogo kama lile linavyoweza kumshikilia mtu, mpaka liliponyamaza.

Kuna jambo jingine linalopasa kuelezwa hapa. Katika msikiti wetu mimi ndiye ninayewahoji mashahidi wa mwezi. Ujana wangu niliusomea Lamu, na mwalimu wangu alikuwa mkali sana katika jambo hili. Mtu akija kusema ameuona, haulizwi kama ana hakika. Kila mtu ana hakika. Anaulizwa: ulikuwa upande gani wa mahali jua lilipotua? Vidole vingapi juu ya ardhi? Pembe zake zilitazama wapi? Nimewarudisha watu wazima walioapa, kwa sababu walinieleza mwezi uliosimama wima kama unavyochorwa kwenye bendera. Huku kwetu mwezi mchanga hulala chali, pembe zikitazama mbinguni. Aliyeuona hawezi kukosea hilo. Zipo jamaa zinazofuata tangazo la mbali, na hatugombani nazo. Imamu wetu ana desturi ya kuuliza kwanza wale walioko hapa, na kwa mwezi wa kufungulia hataki chini ya mashahidi wawili waadilifu.

Sasa nirudi kwenye simu. Ile niliyokuwa nayo ilikuwa imezeeka kuliko mimi. Kioo kilipasuka, sauti ya mke wangu ilitoka ndani yake kama sauti ya mtu aliyejifunika blanketi, na chaji ilikwisha kabla ya salamu. Siku chache kabla ya Ramadhani mwanangu alisema, "Aabo," yaani baba, "hiyo si simu tena, ni kumbukumbu," akanichukua mpaka kwa mama wa simu.

Mama huyo ni Mganda, ana kibanda Gudele, si mbali na ninapoishi. Ni Mkristo wa kweli. Jumapili hafungui hata ukimlilia. Mimi huniita Hajji, ingawa nimemwambia mara nyingi kwamba sijajaliwa kuhiji. "Utaenda tu," hunijibu, "mimi naanza kukuita mapema."

"Hajji unataka simu ya namna gani?"

"Ya kusikia vizuri," nikasema.

"Ya kuonea mwezi," mwanangu akanikatiza.

Mama akacheka. "Mwezi? Mwezi si iko juu tu, Mungu ametoa bure?"

"Macho yangu ndiyo hayafiki huko," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Aliinama, akafungua droo kwa ufunguo, akatoa boksi jeupe na kulifungua taratibu kama anayefunua kitoto kichanga. "Hii iko na macho ine. Hii moja inavuta mbali sana. Mtu akiwa ng'ambo ya bahari unahesabu meno yake." Kwa watu wa Juba bahari ni mto wetu, na wageni wote tumeshazoea kusema hivyo.

"Na ile?" niliuliza, nikielekeza kidole kwenye simu nyeusi ya plastiki iliyokuwa mbele, mahali ambapo hata mwizi angeifikia bila kujisumbua.

"Ile ni ya watu kama mimi. Iko na laini mbili. Chaji inakaa siku mbili, hata jenereta ikilala. Sauti yake inaamsha jirani. Lakini jicho yake, Hajji..." Akatikisa kiganja, kama mtu anayeonja mchuzi uliopungukiwa na chumvi.

Niliulizia bei. Ya ile rahisi ilinifaa. Ya ile ghali ilinifanya nimrudishie mkononi haraka, nisije nikaiangusha. Mwanangu akasema, "Aabo, usitazame bei, ni zawadi." Mama alitutazama baba na mwana tukivutana kwa adabu, kisha akafanya jambo ambalo sijaona likifanywa katika mji mwingine. Aliziweka zote mbili kwenye mfuko mmoja. "Nenda na zote, Hajji. Weka laini, tumia. Idd ikifika utaniletea moja." Hakuandika wala hakuchukua rehani. Nilimwombea dua pale pale, naye akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wanafunzi wangu.

Basi Ramadhani ile nzima nilitembea na simu mbili. Ile ghali niliitia laini ya Kenya, kwa ajili ya mke wangu. Ile rahisi laini ya hapa, kwa ajili ya imamu na wazazi wa watoto. Nilizipima kama mtu anavyowapima wachumba wawili wa binti yake: mmoja tajiri na mzuri wa sura, mwingine mchapakazi aliyekuja na kandambili.

Sitaki kujifanya mtu asiye na tamaa. Ile ghali ilikuwa nzuri. Ilikaa mkononi baridi na nzito, kama jiwe la mtoni. Kioo chake kilinipa herufi kubwa, nyeusi, zisizoumiza jicho. Nilipiga picha ukuta wa darasa na nikaona nyufa ambazo nilikuwa nimeshazisahau. Nilimpiga picha mwanafunzi wangu wa mwisho safuni, nikagundua kwamba amepoteza jino la mbele, na huenda alikuwa amelipoteza wiki mbili nyuma. Lakini nilipokwenda nayo barabarani moyo haukutulia. Niliibana kwapani, ndani ya kanzu, nikitembea upande kama kaa. Katika swala nilijikuta naufikiria mfuko iliomo. Jioni chaji ilikwisha na hapakuwa na umeme. Ile rahisi niliitupa mezani, juu ya mkeka, ndani ya kapu la vitunguu, na kila ilipolia ilikuwa hai.

Katikati ya mwezi nilitoka na ile ghali baada ya tarawehe kidogo tu, nikaielekeza mbinguni. Mwezi mpevu ulikuja kwenye kioo kama umeitwa kwa jina lake. Niliyaona madoa yake yote, yale ambayo mama yangu alituambia utotoni kwamba ni mwanamke anayekoroga sufuria. Nilisimama uani machozi yakinitoka. Ilikuwa miaka miwili sijamwona mwanamke yule. Nilipoielekeza ile rahisi, ilinipa doa jeupe, kama tone la maziwa sakafuni.

Nilimpigia mke wangu. "Nimeuona mwezi," nikamwambia, "na madoa yake."

"Mwezi mpevu hata ng'ombe anauona," akanijibu. Lakini nilisikia kwamba anatabasamu. Kisha akauliza bei ya simu. Nilimwambia. "Maalim, kwa bei hiyo si ungekuja kwa ndege, ukarudi, ukaja tena?"

Nikamweleza habari za darasa: waliobakiza sura chache, wadogo walioanza juzi. Nikamwambia kwamba Mungu yu pamoja na wenye kusubiri.

"Wewe una subira," akasema. "Mimi nina magoti."

Hatukulizungumza tena. Lakini usiku ule nilikata shauri moyoni. Nitaichukua ile ghali, nikaona, maana jioni ya mwezi kuandama nitaielekeza magharibi, nitauona, na nitampigia mke wangu nimwambie lile neno. Nikajiambia si israfu. Miwani nayo hununuliwa.

Jioni ya ishirini na tisa tulikwenda Gumbo, mimi na mwanangu na watu wengine kadhaa wa msikiti. Kule kingo za mto ziko wazi, na ukitazama magharibi unaona maji, kisha mji wote wa Juba upande wa pili, na nyuma yake mlima. Ilikuwa kiangazi, vumbi limetanda, jua lilitua jekundu na bila miale. Mama mmoja mwenyeji huuza chai pale kingoni, chini ya turubai. Alikuwa ameshatupangia vikombe, maana anajua saa zetu kuliko baadhi yetu. Tulifungua kwa tende na maji, tukaswali, tukageukia magharibi.

Mke wangu alikuwa amenipigia kitambo. "Huku mawingu," alisema. "Hatuoni kitu. Leo mko peke yenu."

Nilitoa ile ghali kwapani. Mwanangu alinishika kiwiko kunituliza mkono. Nilivuta karibu, nikapitisha polepole juu ya paa za mji, kushoto kidogo, kulia kidogo. Kioo kilikuwa kijivu. Kisha ukaja. Mwembamba, unang'aa, ukingo wake safi kama umekatwa kwa wembe. Ulitikisika kwenye kioo, ukatulia.

"Aabo," mwanangu alinong'ona, "ndio huo."

Sitaisahau furaha ile. Nilikuwa kama mtu aliyepotelewa na nduguye sokoni, akasikia sauti yake. Sikumwita mtu. Sikumpigia imamu. Nilimpigia mke wangu kwanza, kwa simu ile ile, na nikamwambia neno nililokuwa nimelibeba miaka miwili.

"Nimeuona."

Alipiga kigelegele kirefu, na nyuma yake nikasikia wanawake wengine wakiuliza kuna nini, naye akiwaambia, "Maalim ameuona! Leo ametutangulia! Macho ya Maalim!"

Hapo simu rahisi ikalia mfukoni, kwa nguvu zake zote. Alikuwa imamu. "Maalim, watu wamejaa hapa. Kuna habari?"

Mwanangu alikuwa ameshaanza kucheka na wenzake, wakipeana mikono. "Mwambie wawili, aabo! Mimi na wewe. Mashahidi wawili, mambo yamekwisha. Kesho Idd!"

"Subiri kidogo," nikamwambia imamu.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda ni ulimi tu, uliozoea kuwasubirisha watu. Nilitazama tena kioo, na kwa sababu ya mazoea ya miaka mingi, maswali yakaja yenyewe. Pembe zake zinatazama wapi? Zilitazama kushoto. Mwezi ule ulikuwa umesimama wima. Nikavuta karibu zaidi. Juu ya ule wembamba wake palikuwa na madoa, mfano wa yale ya mwezi mpevu, mwanamke na sufuria yake wamebanwa ndani ya utepe usiotosha hata mkono wake. Mwezi wa siku ya kwanza hauna madoa. Hakuna mtu aliyewahi kuyaona.

"Ulikuwa upande gani wa mahali jua lilipotua?" nilimwuliza mwanangu.

"Aabo?"

"Nakuuliza kama shahidi. Upande gani?"

Alitazama mbele kwa macho yake mwenyewe, kwa mara ya kwanza jioni ile. Alitazama muda mrefu. "Kushoto," alisema, sauti imeshuka. "Mbali kidogo. Chini."

"Unauona bila simu?"

Alisogea hatua moja mbele, akakunja macho. Ndipo mama wa chai, aliyekuwa akikoroga sukari na kututazama kwa mshangao, akasema kwa Kiarabu cha Juba, "Hajj, de nur bes. Kulu yom fi." Hiyo ni taa tu, kila siku ipo. Akanyoosha kijiko chake ng'ambo ya mto. Kuna jengo refu lenye tangi la maji juu ya paa, na nyuma ya tangi kuna taa ya duara. Ukiitazama kutoka pale anapochemshia chai, tangi linaiziba taa karibu yote, inabaki kipande cha ukingo. Kipande kile ndicho tulichokiona. Simu ilikipokea, ikakisafisha, ikakiongezea madoa kutoka katika miezi mingine inayoijua. Haikudanganya kwa ubaya. Ilikuwa imefundishwa jinsi mwezi unavyofanana, ikatupa kile ilichodhani tunakitamani.

Nami nilikuwa nakitamani kweli. Siwezi kuilaumu simu kwa jambo ambalo moyo wangu ulilifanya kabla yake.

"Imamu," nikasema kwenye simu, "sikuuona. Wala mwanangu hakuuona. Hatuna shahidi Gumbo."

Nyuma yake nilisikia watu wakiguna. Mmoja wa wale tuliokuwa nao, mfanyabiashara ambaye mkewe alikuwa ameshakanda unga wa sambusa kwa wageni hamsini, alisema akicheka nusu, "Leo Maalim amejirudisha hata yeye mwenyewe." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, maana ilikuwa kweli. Usiku ule imamu hakupata mashahidi wawili. Tukatimiza thelathini.

Lakini nilikuwa bado na simu moja ya kupiga. Nilitembea mpaka ukingoni, mbali na turubai. Mke wangu alipokea kabla haijalia mara ya pili. Vigelegele vilikuwa vimeisha, nilisikia sufuria.

"Sikuuona," nikamwambia. "Ilikuwa taa."

"Taa."

"Taa nyuma ya tangi. Simu iliigeuza."

Alivuta pumzi. "Nimeshawaambia majirani."

"Waambie nimekosea."

"Nitawaambia simu imekosea."

"Hapana. Simu haikukupigia. Waambie mume wangu amekosea, alikuwa na haraka."

"Wewe? Haraka?" akasema. Maji yalikuwa yakipita mbele yangu, niliyasikia tu. Nilitamani anikaripie. Alisema, "Kalale, Maalim. Kesho bado ni saumu," akakata.

Siku ile ya thelathini ilikuwa ndefu. Asubuhi nilikwenda Gudele kwa mama wa simu nikamwekea boksi jeupe mezani.

"Hajji! Idd bado. Imefanya makosa gani?"

"Imeniona mjinga," nikamwambia, kisha nikamweleza habari ya taa na madoa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono shavuni.

"Lakini Hajji, hiyo ndiyo watu wanalipia!" akasema. "Wanakuja hapa, wanasema mama, nipe simu inanitoa mzuri kupita uso yangu. Hakuna mtu anasema nipe simu inanitoa vile niko."

"Mimi ndiye mtu huyo. Nitabaki na ile nyeusi."

"Ile haioni mwezi kabisa."

"Haioni na haisemi imeona. Katika ushahidi hiyo ni sifa kubwa."

Alicheka mpaka akafuta macho kwa kitenge. Alilirudisha boksi ndani ya droo akalifungia. Sitasema kwamba sikulitazama likiingia. Ile taswira ya mwezi mpevu, mwanamke na sufuria yake, ilifungiwa mle ndani pia, na nilijua sitauona tena kwa uwazi ule. Nilimshukuru Mungu kwamba nilionyeshwa mara moja.

Jioni tulikwenda tena Gumbo, ingawa hapakuwa na haja. Baada ya thelathini mwezi hauhitaji shahidi. Watu walikuja kwa furaha tu, na wake zao, na watoto waliovaa nguo mpya kabla ya saa yake. Laini zote mbili sasa zilikuwa kwenye ile simu ya plastiki. Jua lilikuwa bado halijatua ilipolia.

"Nimeuona," mke wangu alisema. Sauti yake ilitoka kubwa, karibu, kama amekaa begani kwangu. Mtu mmoja aliyekuwa jirani aligeuka.

"Uko wapi?" nikamwuliza.

"Juu ya mgunga wa jirani."

"Vidole vingapi?"

"Ngumi nzima, na vidole viwili."

"Pembe?"

"Unanihoji kama polisi anavyomhoji dereva wa lori?"

"Nakuhoji kama shahidi. Pembe?"

"Juu, zote mbili. Umelala chali. Umekonda, Maalim, kama wewe ulivyokonda kwenye ile picha aliyotuma mwanao. Kulia kwake kuna nyota moja. Anga ya chini ni ya manjano, kisha kijani kidogo, kisha hapo ulipo mwezi hakuna rangi ya kuitaja. Watoto wa jirani wamepanda ukuta. Mmoja ataanguka sasa hivi... shuka wewe! Umeridhika?"

"Nimekukubali."

Hakukata. Nami sikukata. Nilimsikia akitembea uani, ndara zake, mlango wa jikoni, na wakati huo jua la upande wetu likatua, tukafungua, na watu wakaanza kunyoosha mikono magharibi. Takbira ikapanda kutoka kingoni, kwanza mtu mmoja, kisha wote. Mwanangu alinigeuza mabega. "Pale, aabo, fuata kidole changu." Nilifuata kidole mpaka kikaisha. Palikuwa na weupe, mpole, mpana, usio na kitu.

"Vipi?" mke wangu aliuliza. "Umeuona?"

Alikuwa ameuliza. Baada ya muda wote ule, alikuwa ameuliza tena.

"Umefika," nikasema. "Watu wote wameuona. Mimi sikuuona."

Nilisikia takbira ya kwao nyuma yake, imetangulia, iko mbali kuliko yetu.

"Maalim, hao watoto wako wana likizo ya Idd au hawana?"

"Wanayo. Wiki moja."

"Wape tatu. Watakuombea dua kuliko ulivyowahi kuombewa. Uje kabla mwezi mwingine haujaandama. Nitakusimamisha hapa mahali pangu, nitakishika hicho kichwa kwa mikono miwili nikielekeze."

"Na nisipouona?"

"Basi utakuwa umesimama hapa."

Mwanangu alikuwa akikumbatiana na watu karibu na turubai, mmoja baada ya mwingine, akicheka. Nilimwacha amalize. Kisha nilimwita, nikamwambia aniulizie ndege.